Kuhama, Kuhamia, Kuhamishwa: Masimulizi ya Asili Kati ya Bumula na Kitale

Mtafiti wa fasihi simulizi anayefika Bumula, kusini-magharibi mwa Bungoma, aghalabu hupelekwa kwa mzee anayejua "tulikotoka". Mzee huanza mbali. Hutaja Misri, akataja Sirikwa, Mbayi na Tororo, akaeleza ngome za udongo zilizojengwa kwa hofu ya maadui, na mwisho akashuka hadi bonde la Nzoia na ua alimoketi. Mtafiti hunakili, hurudi chuoni, na katika tasnifu yake maelezo hayo hupewa kurasa mbili za sura ya kwanza chini ya kichwa "Historia ya Jamii". Akishazimaliza huingia katika nyimbo, methali na ngano, ambako anaamini ndiko fasihi inakoanzia.

Dai la makala haya ni kwamba zile kurasa mbili zilikuwa fasihi vilevile, na huenda zilikuwa nzito kuliko yote aliyoyakusanya. Kuzisoma kama orodha ya vituo tu, bila kuuliza zimesemwa vipi, na nani, mbele ya nani, ni kosa la uhakiki lenye madhara nje ya uhakiki. Katika sehemu hii ya Kenya swali la nani alihamia wapi, na lini, limewahi kuulizwa kwa mishale na moto. Mhakiki anayelishika kwa ulegevu hawezi kujificha nyuma ya udogo wa taaluma yake.

Vitenzi na majina

Elimu ya uhamaji ilianza kwa hesabu. E. G. Ravenstein, alipochambua sensa ya Uingereza na kutoa kanuni zake za uhamaji mwaka 1885, alitaka kujua ni watu wangapi wanaokwenda umbali gani. Mwaka 1966 Everett Lee akachora picha ambayo hadi leo hufundishwa madarasani: mahali pa kutoka pana mambo yanayosukuma, mahali pa kwenda pana mambo yanayovuta, na katikati pana vizuizi. Picha hiyo ni safi kupita kiasi. Humwonyesha mhamaji kama mtu aliyesimama njia panda na mizani mkononi. Tukiyapima masimulizi ya Bungoma kwa picha hiyo tutapata jibu lile lile kila mara: njaa na vita vilisukuma, malisho na udongo mzuri vikavuta. Jibu hilo ni la kweli, na halituambii lolote kuhusu masimulizi yenyewe.

Kiswahili kinacho chombo kilicho bora, nacho kimo katika mnyambuliko wa kitenzi. Ahamaye huacha mahali. Ahamiaye hupata mahali. Tofauti ni irabu moja, lakini kitenzi cha kwanza kinatazama nyuma na cha pili kinatazama mbele. Ndiyo maana jina "uhamaji" na jina "uhamiaji" si visawe, ingawa wanafunzi wetu huyabadilishana kana kwamba ni koti na mfuko wake. Dola yenyewe inaijua tofauti hiyo: ofisi inayogonga mihuri ya pasipoti ni Idara ya Uhamiaji, kwa sababu dola hujali zaidi anayeingia. Kisha kuna kuhamisha, kunakodai mtendaji, na kuhamishwa, ambako mtendaji anaweza kufichwa asitajwe kabisa. "Walihamishwa mwaka huo." Na nani? Sarufi inaruhusu kimya. Mhakiki hana ruhusa hiyo.

Baada ya vitenzi huja majina ya watu, na hapa ndipo Kitale inapotufundisha zaidi kuliko kitabu chochote cha nadharia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini watu wa aina mbili walihamia nyanda za Trans Nzoia. Mzungu aliyetoka Uingereza au Afrika Kusini akapewa maelfu ya ekari aliitwa mlowezi. Mwafrika aliyetoka Bungoma, au kwingineko, akalima kipande cha shamba hilo hilo kwa malipo ya kazi yake, aliitwa skwota. Baada ya uhuru, mashamba yalipogawanywa kwa mipango ya makazi na kwa kampuni za kununua ardhi, likaja jina la tatu kwa aliyenunua nje ya wilaya alikozaliwa: mgeni. Tendo ni moja, kuhamia. Majina ni matatu, na kila moja lina bei yake. Mlowezi alipewa sheria, skwota alipewa masharti, mgeni alipewa muda.

Jina "mlowezi" linastahili kutulia kidogo. Kulowea ni kukaa ugenini hadi mahali pakawa pako, na kitenzi chenyewe hakina rangi ya ngozi ndani yake. Wabukusu walilowea Bumula. Wateso walilowea Amukura, jirani nao. Lakini maandishi yetu ya historia yamelifunga jina hilo kwa Mzungu kiasi kwamba kumwita mkulima Mwafrika wa Kitale mlowezi kungesikika kama tusi. Tumelipoteza neno lililoweza kusema, bila lawama, kwamba mtu alitoka kwingine na sasa ni wa hapa.

Ushahidi wa jinsi lugha ya wahamaji wenyewe ilivyokuwa makini tunaupata katika neno "kifagio". Hilo ndilo jina ambalo maskwota wa Bonde la Ufa walilipa zoezi la mwishoni mwa miaka ya 1920 la kupunguza ng'ombe, mbuzi na kondoo wao kwa nguvu. Tabitha Kanogo amelieleza katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau. Kisha sheria ya mwaka 1937 ya vibarua wakazi ikazipa halmashauri za walowezi mamlaka ya kuamua skwota alime ekari ngapi, afuge mifugo mingapi, afanye kazi siku ngapi. Afisa aliandika juu ya "upunguzaji". Skwota alisema kifagio. Sitiari hiyo moja inamrudisha mtendaji aliyefichwa na kauli ya kutendwa: kifagio hakijishiki chenyewe, na kinachofagiwa kimekwisha kuitwa taka.

Lugha za wenyeji nazo zilikuwa na dhana zake kabla ya skwota. Katika Kiluhya omumenya ni mtu aliyepokewa kukaa na kulima katika ardhi ya ukoo usio wake. Jina linatokana na kitenzi cha kukaa, kuishi mahali. Anayetambulishwa kwa jina hilo hatambulishwi kwa kutoka kwake, wala kwa ugeni wake. Anatambulishwa kwa jambo analolifanya kila siku, yaani kukaa. Sisemi kwamba hali ya omumenya ilikuwa tamu. Hakuwa na sauti ya mwenye ukoo, na angeweza kuambiwa aondoke. Nasema tu kwamba jamii ilikuwa na nafasi iliyotajika kwa mtu wa aina hiyo, na nafasi hiyo haikuingia katika sheria yoyote iliyoandikwa baadaye.

Msemaji anayetembea

Sasa tuyarudie masimulizi yenyewe, na tuyachukue pale yanapopata utendaji wake kamili: katika khuswala kumuse. Baada ya mzee mwenye heshima wa Kibukusu kuzikwa, ukoo humwita msemaji, oswala kumuse, ambaye ni mtu wa kipaji cha kurithiwa na si kila ukoo unaweza kumtoa. Watu huketi wakiacha uwanja katikati. Msemaji huingia na fimbo yake, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, huku akisema. Hakatizwi maneno, wala hapiti mtu mbele yake. Hutaja asili ya jamii, njia iliyopitwa, koo zilizotengana na zilizokutana, manabii na mambo waliyoyatabiri, vita, marika. Kisha huwashukia waliohai kwa maonyo na faraja.

Jambo ambalo wahakiki wengi wameliona bila kulisoma ni kwamba msemaji huyu anasimulia uhamaji kwa miguu. Anatembea. Hata hivyo hafiki popote, kwa sababu uwanja una mipaka, na hatua chache kutoka hapo lipo kaburi jipya. Utendaji wote umesimama juu ya mkinzano huo: mdomo unasafiri kutoka Misri, mwili unazunguka uani, na marehemu amelala pale ambapo safari imekoma. Vituo vinatajwa kwa ajili ya kaburi. Njia ndefu hiyo yote ilimleta mtu huyu hapa, na hapa ndipo tulipo. Hilo ni tendo la kufariji. Anayeyanakili majina ya vituo na kuyatia katika ramani amechukua mifupa ya utendaji na kuacha pumzi yake.

Tena, katika mapokezi niliyoyasikia, sarufi ya msemaji hugeuka mahali maalumu. Katika sehemu ya kale koo zinahama na kuhamia. Hata zinapokimbia adui, kitenzi ni chao: waliondoka, walivuka, walijenga ngome. Uhamaji ni heshima, na ukoo uliohama mara nyingi una mengi ya kujivunia. Kisha huja mwaka 1895, Waingereza chini ya C. W. Hobley wanapozivunja ngome za Lumboka na Chetambe, na baada ya hapo kauli ya kutendwa inaingia. Watu wanahesabiwa, wanatozwa kodi, wanapelekwa. Huu ndio mpaka wa kweli wa kisanaa katika masimulizi haya, nao haumo katika jedwali lolote la vipindi ambalo nimewahi kuliona katika vitabu vyetu.

Masimulizi yalipogeuzwa ushahidi

Mambo yalianza kuharibika pale msikilizaji alipobadilika. Tume ya Ardhi ya Kenya, maarufu kwa jina la Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932 na kutoa ripoti yake mwaka 1934, iliziuliza jamii swali ambalo kumuse haikuwahi kuliuliza: mlikuwa wapi, tangu lini, na mpaka wenu ulikuwa mto gani? Mbele ya meza ya tume simulizi haikuhitaji kufariji mtu. Ilihitaji kushinda. Vituo vikawa hoja, na kila kituo kikataka kiwe cha msimulizi peke yake. Fani ya matanga ikageuzwa fani ya korti.

Baada ya uhuru wanahistoria walifanya kazi kubwa na ya heshima. Gideon Were, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu historia ya Abaluyia, alikusanya masimulizi ya koo na kuyapanga kwa vizazi, akithibitisha kwamba Afrika ilikuwa na historia kabla ya mkoloni. Wakati ule hilo lilihitaji kuthibitishwa. Lawama yangu haimwendei yeye. Inatuendea sisi wa idara za fasihi tulioazima ramani yake na kuacha kuuliza maswali yaliyo yetu. Tuliendelea kuuliza "je, ni kweli?" hali swali letu lilipaswa kuwa "linafanya kazi gani linaposemwa?"

Kisha ikaja miaka ya 1990. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, yalienea hadi Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon, na maelfu ya familia, zikiwamo za Wabukusu, zikafukuzwa. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti mwaka 1992, Tume ya Akiwumi ikaripoti mwaka 1999, na zote mbili zilionyesha mkono wa siasa katika maafa hayo. Neno lililobaki vinywani ni "madoadoa": waliohamia walikuwa madoa ya kuondolewa kwenye nguo. Tazama undugu wa sitiari hiyo na kifagio. Aliyefagiwa mwaka 1929 aliliita tendo kwa jina lake akiwa chini ya fagio. Miaka 60 na ushei baadaye aliyeshika fagio ndiye aliyechagua sitiari. Na hoja iliyotolewa kuhalalisha kufukuza ilikuwa ni masimulizi ya asili yaliyokatwa mkia: sisi tulikuwa hapa, nyinyi mmekuja.

Waliokimbia wakati huo waliiumbua pia sheria ya kimataifa. Mkataba wa mwaka 1951, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, humtambua mkimbizi akiwa ametoka nje ya nchi yake. Kiswahili hakikuweka sharti hilo. Mkimbizi ni aliyekimbia. Iliwabidi wanasheria wangoje miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998, Mkataba wa Kampala wa 2009 na sheria ya Kenya ya 2012 ndipo mkimbizi wa ndani apate jina mbele ya hakimu. Kati ya miaka hiyo, mapema mwaka 2008, baadhi ya Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi walivuka mpaka na kupokewa katika kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Tororo, ambayo msemaji wa kumuse huitaja kama kituo cha njia ya kuja huku.

Nyanda za Trans Nzoia na Uasin Gishu zina mamia ya mashimo ya duara ardhini, yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Mwanaakiolojia J. E. G. Sutton alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Katika masimulizi ya Wabukusu, Sirikwa ni mahali walipopita. Katika masimulizi ya Wakalenjini, Sirikwa ni watu waliowatangulia. Kwa hiyo kila upande, unaposimulia kwa ukamilifu, unakiri jambo lisiloufaa mbele ya tume: mmoja unakiri kwamba alipita, mwingine unakiri kwamba alikuta mtu. Ni pale simulizi inapofupishwa kwa ajili ya madai ndipo kukiri huko kunapotupwa.

Pingamizi moja haliwezi kupuuzwa. Je, tukisema masimulizi si hati ya ardhi, hatutakuwa tumewavua nguo wale ambao hawana hati nyingine? Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Mau. Na mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Bungoma iliwapa haki Waogiek wa Chepkitale, juu mlimani, ambao ardhi yao ilikuwa imegeuzwa hifadhi. Watu hao hawakuwa na karatasi. Walikuwa na njia, majina ya mapango, desturi za asali, na kumbukumbu. Nakubali pingamizi hili kwa nusu yake. Masimulizi yanaweza kuthibitisha kwamba "tulikuwa hapa". Yasichoweza kuthibitisha, kwa maumbile yake ya kifasihi, ni kwamba "tulikuwa peke yetu". Sentensi ya kwanza ni ya mshikamano na mahali. Ya pili ni ya kuwakana wengine, na sijawahi kukuta simulizi kamilifu ya asili, upande wowote wa mlima, isiyotaja mwenyeji aliyekutwa, mke aliyeolewa kwa jirani au ukoo uliopokewa.

Fasihi andishi ya Kiswahili haijalikabili suala hili kwa ukamilifu. Kwa muda mrefu riwaya yetu ilijua uhamaji wa aina moja, kijiji na mji, na msichana anayepotea kati yake; Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), kwa ubora wake wote, inafuata mkondo huo. Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alifungua njia nyingine katika Siku Njema (1996): Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kusafiri hadi pande za Kitale akimtafuta baba. Ni jambo la busara kwamba shujaa mwenye jina la kale la Mombasa analeta Kiswahili bara kwa miguu yake, wala hakingojei kije kwa redio. Lakini safari yake ni ya kutafuta nasaba. Anakwenda kwa baba, na kwa baba hakuna mgeni. Riwaya ya mtu anayefika Kitale asikokuwa na baba, akanunua ekari 5, akazika mtoto hapo, akaamshwa usiku mmoja na kuitwa doa, bado tunaingojea.

Kuzika nimekutaja kwa makusudi. Kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, iliyomalizika mwaka 1987 kwa mwili wake kupelekwa Nyalgunga, Siaya, iliifundisha Kenya nzima kutofautisha nyumba na nyumbani. Kiambishi kimoja cha mahali kiliwashughulisha majaji kwa miezi. Kuna familia za Trans Nzoia ambazo zimekaa huko vizazi vitatu na bado huwarudisha wazee wao Bungoma kuzikwa, na nyingine zilizoamua kuzika zilipo. Inapoamuliwa hivyo, msemaji wa kumuse huitwa Kitale, na njia anayoisimulia hurefuka kwa kituo kimoja. Mtafiti anayetaka kusikia jinsi masimulizi ya uhamaji yanavyotungwa leo aende huko, asiishie Bumula kwa mzee aliyezoea wageni wenye vinasa sauti.

Na akienda, asikilize marika. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikewi, Banyange, Bamaina, Bachuma, Basawa. Wakalenjini nao wana Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Majina saba kati ya manane yanafanana waziwazi. Simulizi ya Mango, aliyeliua joka la pangoni Mwiala kisha akatahiriwa kwa desturi ya majirani wa mlimani, inaeleza kwa nini bila kuona haya: jambo ambalo Mbukusu hulihesabu kuwa ndilo linalomfanya awe Mbukusu lilipokewa kutoka kwa mwingine. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Bumula hupelekwa mtoni alfajiri, hurudi wakiimbiwa, na hupewa rika ambalo jina lake linaitwa pia, kwa matamshi mengine, katika nyumba za upande wa pili wa mlima.